Kaskazi Ikitulia, Gongoni Twangoja Masika

Machi ikielekea mwisho, kaskazi hutulia hapa Gongoni, kisha kusi huingia na unyevu wa Bahari ya Hindi. Mvua ya pwani yetu hukolea Mei. Bara hutangulia, Aprili. Ndiyo maana Sabaki, mto unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, waweza kufurika hata siku tusiyopata tone.

Nikisikia mvua juu ya makuti, moyo hunigawanyika. Mahindi na kunde zangu zafurahi, lakini jirani zangu wa mashamba ya chumvi hukosa kazi, kwani maji ya mabwawa huzimuliwa na chumvi haigandi.

Sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mnaolima kando ya Sabaki, hamisheni mifugo mapema.