Kitabu Kinachosema

Siku hizi kuna vitabu vya hadithi ndani ya simu: mtoto akigusa neno, linasomwa, akigusa jogoo, anawika. Je, vinamfundisha kusoma?

Mkoani Tanga, katika jaribio lililomalizika mwaka 2019, watoto wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo na hadithi za Kiswahili. Wengi hawakuwahi kukanyaga shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Si haba! Lakini waliobaki nao ni watoto.

Tunashauri uketi naye. Asiguse neno kabla ya kujaribu mwenyewe, ba-ta, ndipo aguse kuhakikisha. Jogoo atawika baadaye.