Mikataba ya ujenzi (sehemu ya 3): Mtaro ukiporomoka, nani analipa?

Katika sehemu mbili zilizopita tuliangalia dhamana na malipo ya awali. Leo tufike kwenye kifungu ambacho wakandarasi wadogo wengi hukisaini haraka haraka, wakihofia kazi isije ikapewa mwingine: kile kinachowataka wamfidie mkandarasi mkuu kwa madai yote ya aina yoyote yatokanayo na kazi.

Tuseme kazi yenyewe ni kuzika kalavati kando ya barabara ya Arua kwenda Koboko, karibu na Ombaci. Mtaro una kina cha kumzidi mtu mzima, kuta zake hazikuegemezwa mbao, na usiku mvua imenyesha. Asubuhi dereva wa ekskaveta, mwajiriwa wa mkandarasi mkuu, anaegesha mashine ukingoni kabisa na kurundika kifusi palepale. Ukuta unaporomoka. Kibarua wa mkandarasi mdogo, aliyekuwa chini akisawazisha mchanga, anavunjika mguu.

Kibarua huyo hakukisaini kile kifungu, na wala hakimfungi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda inamruhusu kumdai mkandarasi mkuu hata kama aliyemwajiri ni yule mdogo. Kisha mkuu ndiye anayerudi kwa mdogo kudai alicholipa. Kumwambia majeruhi "nenda kwa aliyekuandika kazi" na kumfungia geti ni kumpotosha, na ni jambo la kutia uchungu, kwa sababu asiyeijua haki yake huondoka kweli.

Ugomvi unabaki kati ya wakandarasi wawili. Sheria ya Mikataba ya 2010 inaitambua ahadi ya fidia: aliyeahidiwa anaweza kurudishiwa alichoamriwa na mahakama kulipa, gharama za kesi, hata fedha za suluhu iliyofikiwa kwa busara. Basi, je, mkandarasi mdogo alipie uzembe wa dereva asiye wake?

Jibu linalofuatwa sana katika nchi zenye sheria ya asili ya Kiingereza lilitokana na moto. Mwaka 1944, huko Montreal, wafanyakazi wa serikali ya Kanada walikuwa wakitengeneza mlango wa ghala kwa mtungi wa gesi ya kukatia chuma. Cheche ziliangukia marobota ya pamba, ghala likaungua na mizigo ya watu ndani. Serikali ikajikinga kwa vifungu vya mkataba wa pango, kimojawapo cha fidia. Mwaka 1952 Baraza la Faragha mjini London, ambalo enzi hizo lilipokea pia rufaa za mwisho kutoka Afrika Mashariki, lilikataa. Anayetaka mwenzake abebe mzigo wa uzembe wake yeye mwenyewe, aseme hivyo waziwazi; maneno ya jumla yenye maana nyingine ya kawaida hayatoshi. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Uganda leo, ila wakili wa mkandarasi mdogo ana pa kuanzia.

Mikataba ya FIDIC, inayotumika sana katika miradi mikubwa ya barabara, inaonyesha mizani iliyo ya haki zaidi. Katika toleo la 1999, mkandarasi anamfidia mwenye mradi kwa watu walioumia au kufa kutokana na kazi, isipokuwa pale ambapo chanzo ni uzembe au kosa la makusudi la mwenye mradi au watu wake. Kwa mali iliyoharibiwa, mkandarasi hulipa kadiri ya kosa lake. Mkandarasi mdogo wa Arua aombe maneno hayohayo, na aombe pia kiwango cha juu cha atakachodaiwa. Mkuu akigoma, bei ya zabuni ipande kulingana na hatari anayobebeshwa.

Na mkuu naye asijidanganye. Mkandarasi mwenye lori moja na mashine ya kuchanganyia zege hawezi kufidia mamilioni ya shilingi, hata kifungu kiandikwe kwa ufundi gani. Kabla mtaro haujachimbwa, adai hati ya bima ya wafanyakazi, aangalie tarehe yake ya mwisho, na apige simu kwa kampuni ya bima kuhakikisha malipo yamefanywa.

Sehemu ya 4: bima ya wafanyakazi, na bima ya madhara kwa wapita njia.