Je, Theluji Huanguka Ureno?

Wasomaji waliopata kusafiri ng'ambo watakubaliana nami kwamba swali la kwanza ambalo mtu wa kwetu huulizwa na jamaa zake kabla ya kwenda Ulaya si juu ya kazi inayompeleka, wala muda atakaokaa, bali ni hili: "Je, huko kuna theluji?" Nami niliulizwa vivyo hivyo nilipoambiwa na mkubwa wa idara yetu kuwa nimechaguliwa kwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kujifunza kwa majuma matatu kazi ya kutunza majalada ya serikali. Safari yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Januari, yaani katikati ya majira ya baridi ya nchi zile.

Makarani wenzangu walikwisha kuulizauliza kwa niaba yangu. Walinieleza kuwa Ureno ni nchi ya jua, iliyo kusini ya Ulaya, ambako watu wa Uingereza na Ujerumani hukimbilia wakichoka na mawingu ya kwao, na kwamba katika Lisbon theluji haianguki. Habari hiyo ilikuwa ya kweli, wala siwalaumu. Basi nikalikataa koti kubwa ambalo binamu yangu alitaka kuniazima, nikatia sandukuni sweta moja na mashati. Baba yangu, ambaye ni mkulima wa viazi huko Kinangop na hajapata kuvuka bahari, alinishauri nichukue blanketi. Nilimjibu kwa heshima, lakini moyoni nilicheka.

Siku niliyofika jua lilikuwa likiwaka, na mbingu ni samawati safi. Michungwa ya bustanini ilikuwa na matunda, maana machungwa ya nchi ile huiva wakati wa baridi. Watu walikuwa wameketi nje wakinywa kahawa, na penye njia panda mtu mmoja alikuwa akichoma kokwa za mti fulani wa kwao, zenye ganda la kahawia, na moshi wake ukapaa barabarani kama ule wa mahindi ya kuchoma kwetu. Wakati wa mchana katika Januari joto la Lisbon hufika kama digrii 15, na usiku hushuka mpaka 8 hivi. Mtu wa Limuru angeona kuwa hayo hayapishani sana na mambo ya Julai nyumbani kwake. Nikasema moyoni, wenzangu walisema kweli.

Usiku ulipoingia ndipo nilipojua nisilolijua. Chumba nilichopangishwa kilikuwa katika nyumba ya kale ya mawe, sakafu yake ya vigae, na dirisha lake la kioo kimoja chembamba. Nilivua viatu, nikakanyaga sakafu, nikavivaa tena upesi. Mablanketi ya kitandani yalikuwa na unyevu kana kwamba yameanuliwa kabla ya kukauka. Nilitafuta chombo cha kupasha chumba joto, sikukiona. Asubuhi niliamka nikaona pumzi yangu ikitoka kinywani kama moshi, nami nimo ndani ya nyumba, na kipimo kilichotundikwa ukutani kikionyesha digrii 11. Katika pembe ya dari kulikuwa na kuvu nyeusi iliyofutwa mara nyingi na kurudi mara nyingi.

Mama mwenye nyumba, mjane aliyepita miaka themanini, nilimkuta jikoni amevaa koti lake la kutokea, na juu yake shali ya sufu. Mjukuu wake, kijana mwanafunzi ajuaye Kiingereza, ndiye aliyetutafsiria. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mama, nyumba yako ni nzuri, lakini nimeona baridi." Alicheka sana, akasema, "Mwanangu, hapa kwetu wakati wa baridi ukitaka kuota joto, toka nje!" Kisha akaniletea chupa ya mpira ya kutilia maji ya moto, akanionyesha jinsi ya kuifunika kwa kitambaa na kuiweka kitandani nusu saa kabla ya kulala. Tangu usiku ule chupa ile ndiyo iliyokuwa rafiki yangu mkubwa katika Ulaya yote.

Aliniambia pia kuwa zamani watu waliweka chini ya meza beseni la makaa ya moto, wakaifunika meza kwa kitambaa kizito kilichofika sakafuni, kisha wakaketi kuizunguka, miguu yao imo ndani kama katika hema. Joto lilikuwa zuri, lakini wako waliofunga madirisha yote wakasinzia hapo, wala hawakuamka, kwa sababu makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wasomaji wa milimani wanaoingiza jiko chumbani katika Julai na kufunga mlango wataelewa maneno hayo bila kufasiriwa.

Sasa msomaji atauliza, kwa nini watu wa Ulaya, wenye ufundi wote ule, wakae katika nyumba baridi kuliko barabara? Jibu ni kwamba nyumba zao zilijengwa kwa ajili ya adui mwingine. Kiangazi cha Ureno ni kikali, na mawe na vigae hukinga joto la Julai na Agosti. Kwa baridi, watu walisema tangu zamani kuwa ni fupi, nayo itapita. Sheria ya kwanza ya nchi hiyo iliyowalazimisha wajenzi kufikiri juu ya kuhifadhi joto ndani ya nyumba ilitungwa mwaka wa 1990 tu, na majengo mengi ni ya kabla ya hapo. Umeme nao si rahisi kwa mtu anayeishi kwa malipo ya uzeeni. Kwa hesabu za Umoja wa Ulaya za mwaka wa 2023, watu karibu 21 katika kila 100 wa Ureno hawakuweza kuzipasha nyumba zao joto la kutosha.

Wala jambo hili si la kuchekea tu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2003 ulilinganisha nchi 14 za Ulaya kwa miaka ya 1988 hadi 1997, ili kujua ni kwa kadiri gani vifo huongezeka wakati wa baridi. Mtu angedhani kuwa Finland, ambako theluji hulala chini miezi mingi, ingekuwa ya kwanza. Sivyo. Katika Finland ongezeko lilikuwa asilimia 10. Nchi iliyozizidi zote ilikuwa Ureno, yenye machungwa bustanini, nayo ilipata asilimia 28. Watu hao hawakuganda barabarani. Walikuwa hasa wazee, waliougua kifua na moyo majumbani mwao. Mtu wa Finland hujenga kuta nene zilizojazwa vitu vya kuzuia baridi, na madirisha ya vioo viwili au vitatu, kwa kuwa anajua asipofanya hivyo atakufa; mtu wa Lisbon hutazama nje, akaona jua, akavaa koti. Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri nyumba isipungue digrii 18. Nilikikumbuka kile kipimo cha ukutani, nikamtazama yule mama kwa jicho lingine.

Turudie swali la theluji, maana nimeahidi kulijibu. Ukiitazama ramani utaona kuwa Lisbon na Washington, mji mkuu wa Marekani, ziko karibu katika mstari mmoja. Hata hivyo Washington hupata theluji karibu kila mwaka, na Lisbon haipati. Sababu yake ni bahari. Pepo zinazotawala Ureno hutoka magharibi, juu ya Bahari ya Atlantiki, ambayo huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa polepole wakati wa baridi. Pepo hizo huleta mawingu na mvua nyingi, lakini si baridi ya kutosha. Baridi kali huja kwa njia nyingine, kutoka kaskazini mashariki, nchi kavu ya Hispania. Lakini hewa hiyo ni kavu, na inapofika mbingu huwa safi. Baridi na mawingu ni kama ndugu wawili waliogombana: mmoja akiingia, mwingine hutoka, na theluji haiwezi kuanguka mpaka wote wawili wawepo.

Lakini mara chache sana hukutana. Jumapili tarehe 29 Januari, 2006, theluji ilianguka Lisbon, na watu wazima wakatoka nje kama watoto, maana haikuwa imeonekana mjini humo namna hiyo tangu 1954. Yule mama ameziona zote mbili. Ya 1954 ilimkuta msichana mdogo, aliyekuwa ametoka kwao Algarve, mkoa wa kusini kabisa, kuja mjini kutumika katika nyumba ya watu. Alifungua dirisha la jikoni alfajiri, akaona mapaa yote meupe, akadhani ni maua ya mlozi yaliyopeperushwa na upepo.

Nilipomwuliza kwa nini afikiri hivyo, alinisimulia hadithi ambayo kwao kila mtoto huijua. Zamani Algarve ilitawaliwa na Waislamu waliotoka Afrika ya kaskazini, na hata jina la mkoa ni la Kiarabu, maana yake "upande wa magharibi". Msomaji atalisikia ndani yake neno letu magharibi. Mfalme mmoja wa huko alioa binti mfalme kutoka nchi za kaskazini. Binti huyo akaanza kudhoofika, na waganga wakashindwa, mpaka ikajulikana kuwa alikuwa akiililia theluji ya kwao. Mfalme akaamuru milozi ipandwe kila mahali, na mwisho wa Januari ilipochanua, akampeleka mkewe dirishani. Nchi nzima ilikuwa nyeupe, naye akapona. Kama ni kweli au si kweli sijui, lakini milozi ipo mpaka leo, nayo huchanua wakati huohuo.

Wareno wanaotaka theluji yenyewe huenda Serra da Estrela, milima iliyo kaskazini mashariki ya Lisbon, mwendo wa zaidi ya kilomita 250. Jumamosi ya pili mimi na wanafunzi wenzangu watatu tulikodi motokaa. Tulipita katika mashamba mengi ya zeituni, ambazo wao huziita kwa jina linalokaribia letu, kwa kuwa sisi na wao tulilichukua kwa Waarabu. Tukapita Covilhã, mji uliopata sifa kwa kufuma nguo za sufu, tukaanza kupanda. Hatukufika kileleni. Theluji ilikuwa imeziba njia, na askari walikuwa wamefunga barabara, kama wafanyavyo mara nyingi katika miezi ile. Tulishuka garini hapohapo, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikainama nikaokota theluji kwa mikono mitupu. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani, na baada ya dakika moja vidole huuma kama vimeungua.

Jambo lililonishangaza ni urefu wa mahali tulipokuwa. Kilele cha milima hiyo, kiitwacho Torre, kina mita 1,993, na Wareno wa zamani walijenga juu yake mnara wa mita 7 ili hesabu itimie 2,000. Sisi tulikuwa chini yake sana, mahali ambapo hapazidi Nairobi kwa urefu. Kinangop kwa baba yangu ni juu kuliko Torre yenyewe! Lakini kwetu jua la ikweta hupita utosini mwaka mzima, na mtu hana budi kupanda mpaka karibu na vilele vya Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ndipo aikute theluji, ambayo nayo imepungua sana siku hizi. Ureno pia ina mlima mrefu zaidi, Pico, wenye mita 2,351, lakini uko mbali katika visiwa vya Azores. Na katika nchi ya kaskazini mashariki, nyuma ya milima, ambako upepo wa bahari haufiki vizuri, wenyeji husema wana miezi tisa ya baridi na mitatu ya Jehanamu.

Tuliporudi tulinunua jibini ya milima ile, na wafugaji watapenda kujua kuwa hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, nayo hugandishwa kwa maua makavu ya mmea wa jamii ya mbigili, si kwa dawa itokayo tumboni mwa ndama. Ni laini hata huliwa kwa kijiko.

Siku ya kuondoka, mama mwenye nyumba alikataa kuipokea ile chupa ya mpira. Alimwambia mjukuu wake anitafsirie kuwa yeye anayo nyingine, na kwamba huenda nina mzazi. Nilifika Kinangop mwishoni mwa Februari. Baba aliniuliza kama niliiona theluji, nikamwambia nimeishika kwa mikono, akafurahi. Kisha akaniuliza nililala vipi bila blanketi. Julai iliyofuata sakitu iliunguza majani ya viazi vyake kama kawaida, na nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekwisha kupanda kitandani saa mbili ya usiku, chupa i miguuni pake, na mlango wa jiko la makaa u wazi, jiko lenyewe liko nje uani.