Thumuni ya Ekari Ina Futi Ngapi?

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Namba hii haikubahatishwa: ni futi 66, ndio urefu wa mnyororo wa wapimaji, mara futi 660, yaani minyororo 10. Hugawanyika kwa 8 pasipo kubaki kitu, na kila fungu huwa 5,445.

Basi anunuaye kiwanja Ngoingwa, karibu na Thika, na azingatie neno hili. Kiwanja cha "hamsini kwa mia", kiitwacho thumuni kwa mazoea, kina futi za mraba 5,000 tu; zimepungua 445. Katika hati, ambayo hutaja hektari, thumuni kamili ni kama 0.0506, na hicho kingine ni kama 0.0465. Yafaa mnunuzi azilinganishe tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha.