Tour de France: siku isiyo na mlima ndiyo iliyomfungulia Biniam Girmay mlango

Tarehe 1 mwezi wa saba 2024, mjini Turin, Italia, Biniam Girmay wa Eritrea alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza katika hatua ya 3 ya Tour de France. Alikuwa na umri wa miaka 24. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1903, hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amewahi kushinda hata hatua moja. Kabla yake, Robert Hunter, mzungu wa Afrika Kusini, alishinda hatua mjini Montpellier mwaka 2007.

Ushindi huo haukupatikana mlimani. Ulipatikana kwenye hatua, ama etapu kama wengi wetu tunavyosema, ya barabara tambarare: kilometa 230,8 kutoka Piacenza mpaka Turin, safari ndefu kuliko zote za mwaka ule.

Siku ya kulala?

Wapenzi wengi wa baiskeli hungoja milima. Siku ya tambarare wanasema ni ya kulala mbele ya televisheni, na siku ile walikuwa na sababu. Kwa zaidi ya masaa matano, kundi kubwa lilitembea pamoja. Mfaransa Fabien Grellier alijaribu kutoroka peke yake, lakini alikamatwa.

Ni upepo unaoleta hali hiyo. Anayekwenda mbele peke yake anaukata kwa kifua chake. Anayejificha nyuma ya mwenzake anaokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake. Kwa hiyo kundi la watu zaidi ya 150 wanaopokezana linakwenda haraka kuliko mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Timu zenye wakimbiaji wa mwendo wa kasi zinamwacha mtoro aende, zinahesabu dakika, kisha zinamrudisha kilometa chache kabla ya mwisho.

Hapo ndipo usingizi unakwisha. Kila timu inapanga watu wake mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa ya treni. Wa kwanza anavuta mpaka anachoka na kujitoa pembeni, wa pili anachukua nafasi yake, na anayetegemewa kushinda anakaa wa mwisho. Anaachiwa mita kama 200 hivi. Kwa sekunde chache anatoa nguvu inayopita wati 1.000, na mwendo unapita kilometa 60 kwa saa.

Makosa hayasamehewi. Kule Turin, zikiwa zimebaki kilometa kama 2, watu walianguka na kundi likakatika. Jasper Philipsen wa Ubelgiji, aliyeshinda jezi ya kijani mwaka 2023, alikwamishwa. Girmay alikuwa mbele. Alipita upande wa kulia, karibu kabisa na vizuizi, akamshinda Fernando Gaviria wa Kolombia. Arnaud De Lie wa Ubelgiji alikuwa wa tatu.

Siku hiyohiyo jezi ya njano ilibadilisha mwenyewe. Asubuhi watu wanne walikuwa na muda uleule: Tadej Pogačar, Remco Evenepoel, Jonas Vingegaard na Richard Carapaz. Kwenye tambarare, anayeanguka katika kilometa za mwisho, kwa kawaida 3, hapewi hasara ya muda. Wote wanne wakabaki sawa, na zikaangaliwa nafasi walizomaliza kila siku. Carapaz akawa mtu wa kwanza wa Ekwado kuvaa jezi hiyo.

Kutoka Asmara mpaka Turin

Eritrea ilitawaliwa na Italia mpaka mwaka 1941, na Waitalia ndio walioleta mashindano ya baiskeli Asmara. Mwanzoni wenyeji hawakuruhusiwa kushindana na wazungu. Mwaka 1939 waliwekwa katika mbio moja, na Mueritrea akashinda. Miaka 85 baadaye, kijana aliyezaliwa Asmara akawashinda wakubwa wote ndani ya Italia yenyewe.

Njia ilikuwa imeanza kufunguliwa. Mwaka 2015, Daniel Teklehaimanot, naye Mueritrea, alivaa kwa siku kadhaa jezi ya madoadoa mekundu ya wapanda milima. Girmay mwenyewe alishinda Gent-Wevelgem, Ubelgiji, mwaka 2022, kisha hatua ya Giro d'Italia mjini Jesi. Pale Jesi, kizibo cha chupa kilimpiga jichoni akisherehekea jukwaani, akalazimika kuacha mashindano.

Baada ya Turin alishinda tena Colombey-les-Deux-Églises na Villeneuve-sur-Lot. Katika Tour, mshindi wa hatua ya tambarare anapata pointi 50 za jezi ya kijani, ndiyo maana siku hizo zina thamani kubwa kwa watu wa mwendo wa kasi. Girmay alifika Nice akiwa na jezi hiyo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kipaji peke yake hakitoshi

Kuna somo kwa vijana wa Goma, Bukavu ama Lubumbashi wanaopanda kinga kila siku. Mpanda milima anaweza kujipima peke yake kwenye kilima cha kwao. Mwendo wa kasi wa mwisho haufundishwi hivyo. Unahitaji kundi kubwa, barabara iliyofungwa, wenzako wa kukuvuta, na mbio nyingi za kujifunza kupita katikati ya viwiko vya watu bila kuanguka. Girmay alipita kwenye kituo cha shirikisho la dunia, UCI, huko Aigle, Uswisi, kisha akaingia timu za Ulaya. Asiye na visa wala timu hafiki huko, hata akiwa na miguu ya chuma.

Mwezi wa tisa 2025, mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, ng'ambo tu ya mpaka wetu, kwa mara ya kwanza Afrika. Lakini Kigali ni vilima vitupu, na Pogačar ndiye aliyeshinda upande wa wanaume. Miezi miwili kabla, kwenye hatua ya kwanza ya Tour 2025 mjini Lille, barabara tambarare tena, Girmay alikuwa wa pili nyuma ya Philipsen. Mwaka huo hakushinda hatua yoyote.

Waafrika wanaoweza kumaliza mbele siku kama hizo bado ni wachache mno. Kwa hiyo ukiona kundi linatembea polepole na watangazaji wanapiga stori za makasri na mashamba ya zabibu, usizime televisheni. Ngoja kilometa 3 za mwisho.