Sayansi Isiyonyamaza: Funzo la Maji ya Flint

Wapo wanaoamini kwamba mtafiti akishajitosa katika uanaharakati, takwimu zake haziaminiki tena. Sakata la maji ya Flint, mji wa jimbo la Michigan nchini Marekani, linatoa jibu tofauti: ukweli wa utafiti hulindwa na njia iliyotumika kuupata, wala si ukimya wa aliyeufanya. Aprili 2014, ukiendeshwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana, mji huo uliacha maji ya Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint ili kubana matumizi. Maji hayo hayakutiwa kemikali ya kuzuia kutu, hivyo yakayala mabomba ya zamani na kubeba madini ya risasi hadi majumbani. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kuyatumia kwa kuwa yalikuwa yanaharibu vipuri, lakini wakazi, wengi wao Weusi na maskini, waliendelea kuyanywa.

Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alilinganisha vipimo vya damu vya kabla na baada ya badiliko hilo la maji. Miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, wenye risasi ya kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita walipanda kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika mitaa fukara. Septemba 24, 2015 aliwatangazia waandishi wa habari matokeo yake ya awali kabla jarida lolote halijayapitia. Hapo ndipo hoja ya wakosoaji ina uzito, kwani uhakiki wa wataalamu wenzake ni kinga dhidi ya makosa. Hata hivyo, risasi huathiri ubongo unaokua na madhara yake hayarekebishiki, hivyo kila mwezi wa kusubiri ungelipwa na watoto. Tena hakuficha takwimu zake: maofisa wa jimbo walimbeza, kisha wakapitia rekodi zao wenyewe na kukiri kwamba yuko sahihi. Oktoba 16 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit, na utafiti wenyewe baadaye ukachapishwa katika jarida la kitaaluma.

Wengine husema viwango hivyo vilikuwa vidogo kuliko vya miaka ya nyuma. Ni kweli, lakini vilishuka kwa sababu risasi iliondolewa kwenye petroli na rangi za nyumba, na mapambano hayo nayo yalihitaji watafiti waliothubutu kusema. Kilichopungua kwa juhudi hakipaswi kurudishwa kwa uzembe, tena kwa wasio na sauti. Vivyo hivyo, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi maskini sumu hiyohiyo, na vipimo vya damu vikawa silaha ya mwanaharakati Phyllis Omido. Mtafiti wa afya anayejua sumu inatoka wapi na inamwangukia nani, akanyamaza, hajabaki katikati. Amemwachia mwenye nguvu uwanja.