Daktari Naye Huugua

Siku familia inapompata mwana wa kuitwa daktari, nyumba nzima hujaa shangwe. Majirani huja kupongeza, na shangazi huanza kueleza maumivu ya goti lake kabla kijana hajala. Ni vema. Lakini ni wachache wanaomwuliza daktari huyo kama yeye mwenyewe ni mzima, hasa katika ule mwaka wa kwanza wa kujifunza kazi hospitalini.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2010 uliwafuata madaktari 740 waliokuwa wakiuanza mwaka huo. Kabla ya kuanza, wenye dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hawakufika 4 katika kila 100. Walipoulizwa tena wakiwa kazini, walikuwa karibu 26 katika kila 100. Ni watu wale wale! Saa nyingi za kazi zilihusiana na hali hiyo, na pia kosa ambalo daktari anajua amelifanya kwa mgonjwa. Mwenye kuchinja kuku kwa sherehe ya mahafali hayafikirii hayo.

Sonona hutambuliwaje mapema? Lipo dodoso fupi la maswali 9, ambalo limekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili pia. Linauliza habari za wiki mbili zilizopita: je, umekosa raha katika mambo uliyoyapenda? Usingizi ukoje? Chakula je? Umejiona umeshindwa? Swali la mwisho ni zito: je, umewaza kwamba afadhali ufe, au kujidhuru? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Anayefikisha 10 au zaidi hajahukumiwa kuwa mgonjwa, ila anatakiwa kuonana na mtaalamu azungumze naye vizuri.

Ugumu uko kwenye kujibu kweli. Daktari kijana anajua kila jibu lina maana gani. Akihofia kwamba karatasi itamfikia mkubwa wake, au kwamba itamzuilia leseni, ataandika sifuri tisa na kurudi wodini. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za wanafunzi wa udaktari, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kuwa kati ya waliokutwa na dalili, karibu 16 tu katika kila 100 ndio waliokwenda kutibiwa. Hao ndio watakaotuambia sisi tusichelewe hospitali!

Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilitafuta njia mwaka 2009, baada ya madaktari kadhaa wa huko kujiua. Wanafunzi na madaktari walialikwa kujibu maswali kwa kompyuta bila kutaja jina. Mshauri aliyasoma majibu na kumwandikia mhusika, naye aliweza kujibu angali amejificha, mpaka mwenyewe akubali kuonana uso kwa uso. Mwaka wa kwanza walijibu 374 tu kati ya watu 2,860, lakini 101 kati yao walikuwa katika hatari. Mimi naona siri hiyo ndiyo iliyowafungua midomo. Hospitali ikitaka dodoso tu, bila siri na bila mtu wa kumpokea aliyeonekana na shida, inapoteza karatasi.

Baba na mama mwenye kijana katika mafunzo hayo hahitaji dodoso. Anapopiga simu asianze na ada ya mdogo wake. Aulize: mwanangu, umelala? Umekula nini leo? Akisikia sauti imebadilika kwa majuma mawili, au kijana haji tena hata siku zake za mapumziko, amfuate. Akitamka habari ya kufa, asikemewe wala asiachwe peke yake; apelekwe siku hiyo hiyo kwa mganga, ikiwezekana katika hospitali nyingine, mbali na wenzake wa kazini.